Kijana, Ukiwa Ugenini Toka Ukaone



Shukrani zote ni za Allah aliyetufikisha tena kwenye mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, wazee wangu na mama zangu, niliyo nayo si maneno ya shekhe. Mimi ni mwanafunzi tu, tena ningali nasoma. Nimeombwa niseme machache juu ya maisha ya kijana anayesoma ng'ambo, nami nimechagua jambo moja dogo: siku ya mapumziko. Siku ambayo hakuna darasa, hakuna mtihani, na hakuna baba wala mama wa kukuuliza, "Umetoka wapi saa hizi?" Siku hiyo kijana afanye nini?

Usilione dogo swali hili. Darasani mwalimu yuko, ratiba iko, utake usitake utasoma. Siku ya mapumziko ndiyo inayomtengeneza mtu au kumharibu.

Kuna kijana anayejifungia. Tangu Ijumaa mpaka Ijumaa ni kitanda na simu. Mwili uko Cairo, moyo uko Majengo. Nani kaposa, nani kaoa, nani kagombana na nani, yote anayajua, lakini msikiti wa mtaa wa pili hajauingia. Upweke unamla kidogo kidogo, na akiulizwa hujibu, "Alhamdulillah, niko sawa." Na kuna mwengine ambaye hakai ndani kabisa. Mji umemmeza, swala zinampita, fedha zinakwisha kabla ya mwezi kufika nusu. Na fedha zenyewe, ndugu yangu, ni za nani? Ni za harambee. Kuna mama aliyeuza maandazi ili wewe upande ndege.

Wote wawili watarudi na cheti, na pengine hakuna zaidi ya hicho cheti.

Njia ya tatu ipo: toka, lakini toka na wenzako, na mjue mwaenda wapi. Nikupe mfano wa Ijumaa moja ya Ramadhani mjini Cairo. Tulikuwa wanne: mimi, mmoja wa Lamu, mmoja wa Pemba, na mmoja kutoka Java, kule Indonesia. Tuliwekeana masharti matatu: kila swala kwa wakati wake, nauli tuchange sawa, na mtu asiachwe nyuma.

Tulipanda metro, ile reli ya mjini iliyofunguliwa mwaka 1987, ya mwanzo ya aina yake barani Afrika. Mabehewa mengine yametengwa kwa wanawake peke yao, na dada zetu wanaosoma huko hupata raha sana kwa hilo. Ndani ya metro ndipo utakapojua kwamba Kiarabu cha madrasa na Kiarabu cha mtaani ni ndugu wasiofanana. Sisi twasema kahawa, tumeitoa kwao, nao wenyewe wasema "ahwa", qaf wameimeza! Ukimuuliza mtu njia kwa Kiarabu fasihi chenye irabu zote, atatabasamu kana kwamba umempandia mimbari. Lakini atakujibu, na pengine atakushika mkono akupeleke.

Tulishuka kituo cha Mar Girgis. Hapo pana makanisa ya kale ya Wakopti, na sinagogi ya Ben Ezra haiko mbali. Ukitembea kidogo tu unafika msikiti wa Amr bin Al-As, Allah amridhie. Aliujenga kwenye mwaka 641 au 642, nao ndio msikiti wa mwanzo kujengwa Misri. Jengo la leo si lile la sahaba, maana limejengwa upya na kupanuliwa mara nyingi, lakini pahali ni pale pale. Tukaswali Ijumaa hapo. Hebu fikiri: karne kumi na tatu na zaidi msikiti na makanisa ni majirani. Sisi kwetu wakati wa uchaguzi jirani wa miaka kumi tu twamwangalia kwa jicho la shaka.

Baada ya hapo tukaenda kwa Imam Shafi'i, na hapa nataka unisikilize vizuri.

Wewe unayesoma qunuti kila alfajiri hapa pwani, umeipata kwake. Imam Shafi'i alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, sawa na 767. Akakulia Makka, akasoma kwa Imam Malik Madina, akafundisha Baghdad, kisha akahamia Misri kwenye mwaka 814 hivi na kufia huko mwaka 204 Hijria, yaani 820. Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa ugenini! Juu ya kaburi lake pana kuba kubwa lililojengwa mwaka 1211 na mtawala Al-Kamil, na kwenye kilele cha kuba pana jahazi dogo. Husemekana lilikuwa likitiwa nafaka na maji kwa ajili ya ndege.

Mwenzetu wa Java alipoliona alisema neno moja tu: "Safina." Sote tukacheka, maana kila mmoja wetu alielewa. Safinatun Najaa, kile kitabu kidogo cha fiqhi ulichoanza nacho madrasa, yeye pia alianza nacho kwao. Mtungaji wake, Salim bin Sumair, alikuwa Mhadhrami aliyefia Batavia, ambayo leo ni Jakarta, katika karne ya 19. Bahari moja, kitabu kimoja. Mtu wa Lamu na mtu wa Java hawakuwahi kuonana, na kumbe walihifadhi nguzo zile zile za udhu.

Sasa, wazazi wengi huogopa: "Mwanangu akienda ng'ambo atabadilika." Ndio, atabadilika. Imam Shafi'i pia alibadilika. Alipofika Misri aliyapitia upya mengi aliyokuwa ameyasema Iraq, mpaka wanavyuoni wakagawa kauli zake: ya zamani na mpya. Lakini angalia alibadilika kwa nini. Alibadilika kwa dalili na kwa elimu iliyozidi. Hakubadilika ili afanane na watu. Basi mzazi, mtoto akirudi na jambo jipya usimpigie kelele kwanza. Muulize, "Dalili yako ni ipi?" Na wewe kijana, kama huna la kujibu zaidi ya "huko wote hufanya hivyo," jua hukubadilika, umechukuliwa na maji tu.

Alasiri tukaingia mtaa wa Al-Mu'izz. Hapo Sultani Qalawun alijenga hospitali kwenye mwaka 1284, ikatibu maskini na tajiri bure, kwa mali ya wakfu. Mbele kidogo pana sabili ya Abdurrahman Katkhuda ya mwaka 1744: chini wapita njia walipewa maji, juu watoto walisoma Qur'an. Chini kiu ya koo, juu kiu ya elimu, jengo moja. Hapo mimi nilifikiri juu ya wakfu zetu hapa pwani. Visima vya waliotutangulia tumevikuta. Wajukuu wetu watakuta nini kutoka kwetu?

Magharibi ilitukuta Al-Azhar, msikiti uliofunguliwa mwaka 972. Miaka ya karibuni wanafunzi wa kigeni kwa maelfu hufuturishwa pale uwani. Unakaa chini, kushoto Mnigeria, kulia Mmalaysia, mbele yako tende na maji. Hakuna aliyekuuliza kabila. Mwenzetu wa Pemba, aliyekuwa Ramadhani yake ya kwanza mbali na nyumbani, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Leo sikulilia uji wa mama." Nadhani neno hilo latosha kuliko hotuba yangu yote.

Kwa hivyo nausia mambo matatu. Kijana uliye ng'ambo, chagua wenzako kabla hujachagua pa kwenda. Mgonge mlango yule aliyejifungia, usingoje akuite. Na wazazi, mkipiga simu msiulize mtihani peke yake, ulizeni pia, "Wiki hii umekwenda wapi, na nani?"

Allah awahifadhi wanafunzi wetu popote walipo, atukubalie funga zetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.