Huzuni Isiyoondoka: Tuutazame Mwenendo Wetu wa Kila Siku

(Mada iliyotolewa msikitini baada ya swala ya Alasiri. Tunaichapisha kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria.)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.



Tunaianza mada yetu kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita, mzee mmoja wa jamaa ya msikiti wetu, fundi cherahani kwa kazi yake, aliacha kuonekana katika swala ya Alfajiri, naye alikuwa mtu wa safu ya kwanza. Tulipompitia dukani tulimwuliza kulikoni. Akatujibu kwa sauti ya chini: "Maalim, naswali nyumbani, lakini sioni tena ladha ya kitu chochote. Hata chakula nakiona kama mchanga." Nasi, kwa haraka ya mtu anayedhani kuwa ana jawabu la kila swali, tulimwambia: "Mzee wetu, huo ni wasiwasi wa shetani. Zidisha istighfari." Tukaenda zetu.

Baada ya wiki tatu mkewe alikuja madrasa, macho yamemvimba kwa kulia. Alitueleza kuwa mumewe halali wala hali, kwamba nguo za wateja zimelundikana bila ya kuguswa, na kwamba usiku uliopita alimsikia akisema kuwa watoto wake wangekuwa na raha zaidi lau yeye asingekuwepo. Hapo ndipo tulipotambua kuwa mtu yule alikuwa ametuita, nasi hatukuitika. Yeye mwenyewe ameturuhusu tuisimulie habari yake bila ya kutaja jina, ili wengine wanufaike.

Ndugu zetu, hali aliyokuwa nayo mzee wetu ina jina. Kwa Kiswahili wataalamu huiita sonona, na madaktari wa Kiarabu huiita iktiabu. Siyo ile huzuni ya kawaida inayomfika mtu anapofiwa au anapopata hasara, kisha ikapungua siku zinavyokwenda. Mwenye sonona hukaa na huzuni, au hukosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, sehemu kubwa ya siku, takriban kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Pamoja na hayo usingizi huharibika, chakula hakipandi, mwili huwa mzito, akili haitulii juu ya jambo moja, na mtu hujiona kuwa hana thamani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa zaidi ya watu milioni 280 duniani wana maradhi haya, na wanawake huyapata zaidi kuliko wanaume. Basi hapana shaka kuwa katika safu zetu wamo, ijapokuwa hawasemi.

Hawasemi kwa sababu gani? Kwa sababu wanachelea jawabu kama lile tulilolitoa sisi. Wanachelea kuambiwa kuwa imani yao ni dhaifu. Lakini tuitazame Qur'an yenyewe. Nabii Yaqub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakapoteza nuru, na hakuna Mwislamu athubutuye kusema kuwa Nabii huyo alipungukiwa na imani. Mtume wetu (S.A.W.) naye aliwapoteza bibi Khadija na ammi yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na wanazuoni wakauita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Kuhuzunika siyo kukufuru, na kuugua moyo siyo aibu kuliko kuugua tumbo.

Wala jambo hili halikuletwa kwetu na watu wa zama hizi. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na mwaka 934 Miladia, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na ya nafsi. Humo alizigawa huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na ile isiyokuwa na sababu ijulikanayo, ambayo aliiona kuwa chimbuko lake limo mwilini. Hii ya pili hakuitibu kwa maneno matupu. Alitaka mwili nao upewe dawa, na mgonjwa apate mazungumzo mazuri na mambo ya kumchangamsha. Leo elimu ya tiba imeendelea mbele kuliko ile aliyokuwa nayo, lakini msingi wake ungali umesimama: mwili na nafsi ni majirani wa ukuta mmoja, nyumba moja ikiwaka moto nyingine haisalimiki.

Kwa hiyo, mwenendo wa mwili wa kila siku unaweza kuipunguzia nafsi mzigo. Sahaba Salman al-Farisi alipomtembelea Abu Dardaa na kumkuta amejinyima kula kwa kufunga na kujinyima usingizi kwa kuswali, alimkumbusha kuwa nafsi yake nayo ina haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akalithibitisha neno hilo. Zitazameni basi haki hizo moja baada ya moja.

Kwanza, usingizi. Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya Isha na alichukia mazungumzo baada yake. Sisi tumegeuza: baada ya Isha ndipo baraza linapokolea, kahawa inamiminwa, na aliye ndani ameshika simu mpaka saa saba za usiku. Kahawa ya usiku hukaa mwilini kwa saa nyingi, na mwanga wa simu huuchelewesha usingizi. Mtu akose usingizi siku nyingi, huzuni hupata mlango. Tulale na tuamke kwa saa zile zile kila siku. Aliyezoea kailula ya mchana asiikate, ila asiirefushe hata ikala usingizi wa usiku.

Pili, mwendo na mwanga wa jua. Shirika la Afya Duniani limewashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Hesabu yake ni nyepesi: nusu saa kwa siku, siku tano. Kutembea kwa haraka kunatosha, na utafiti mwingi umeonesha kuwa mazoezi huipunguza sonona. Mwanga wa asubuhi nao huusaidia mwili kujua saa zake, usiku ukifika usingizi uje kwa wakati. Mwenye kwenda msikitini Alfajiri kwa miguu na kurejea kwa njia ndefu amekwisha kuanza.

Tatu, chakula. Mwenye huzuni ama haachi kula vitamu na vya kukaanga, ama hali kabisa. Tusitafute vya ghali. Dagaa, maharage, mchicha, matembele, matunda ya msimu na ugali wa dona ni neema zilizo sokoni kwetu. Na mgonjwa asiyeweza kula sahani nzima apewe kidogo kidogo. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza talbina, nao ni uji mwepesi wa shayiri, apikiwe mgonjwa na aliyefiwa. Huo ndio utaratibu wa Kiislamu: aliyefikwa na huzuni hupikiwa, haachiwi ajipikie.

Nne, kutoisubiri hamu. Mwenye sonona husema: "Nikipata nguvu nitafanya kazi." Lakini maradhi haya yameiteka hamu yenyewe, basi akiisubiri hatainuka. Njia iliyothibiti ni kuanza na kitendo kidogo, kisha hamu ifuate nyuma yake. Aoge. Afagie mbele ya mlango. Ashone kifungo kimoja. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake kutokana na huzuni, na katika dua ile ile akajikinga kutokana na udhaifu na uvivu. Tumezoea kuyasoma yote kwa pumzi moja bila ya kuzingatia jinsi yanavyoshikana.

Tano, kujiepusha na viliwazo vya uongo. Mirungi humchangamsha mtu jioni, kisha humnyima usingizi na kumwacha na unyonge siku ya pili. Sigara na ulevi ni hivyo hivyo: hukopesha raha ya saa moja na kudai siku nzima.

Sita, na hili ndilo kubwa, kutokuwa peke yake. Nchini Zimbabwe watu wana neno lao la Kishona, kufungisisa, maana yake ni kuwaza mno, kama sisi tusemavyo kuwa fulani ana mawazo. Daktari Dixon Chibanda alianzisha huko Harare mwaka 2006 mpango wa kuwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa juu ya benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa na bibi hao walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100, na katika kundi jingine walikuwa kiasi cha 50 katika kila 100. Ndugu zetu, sisi watu wa pwani tuna mabaraza mlangoni tangu enzi za mababu zetu. Yanatufaa nini iwapo tunayajaza habari za watu, na aliye karibu yetu hapati wa kumsikiliza?

Hapa ndipo ilipo nasaha yetu ya leo. Mambo haya sita ni mepesi kuyataja mimbarini, lakini kwa mgonjwa kuamka tu kitandani ni kupanda mlima. Kumwambia "tembea, kula, lala mapema" kisha kuondoka ni kumwongezea lawama. Mwenendo mwema unamfaa pale anapopata mtu wa kuufuata naye. Usimwambie atembee, mpitie mtembee pamoja. Usimwambie ale, mpelekee bakuli.

Na mwenendo huu hauchukui nafasi ya hospitali. Hali ikizidi wiki mbili, au kazi na nyumba zikaanza kuharibika, mgonjwa apelekwe kwa daktari. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonesha nafuu, wala mtu asiziache ghafla kwa kujiona mzima bila ya shauri la daktari. Kisomo na dua ni haki na kheri, na havigombani na dawa. Ama anayetamka maneno ya kujitoa roho, asiachwe peke yake hata saa moja. Aulizwe kwa upole na bila ya kuficha, viondolewe karibu yake kamba, sumu na visu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kuutua mzigo.

Tunawakumbusha pia waume. Mwanamke aliyejifungua akilia kwa wiki kadhaa, akakosa usingizi hata mtoto akilala, akajiona kuwa hafai kuwa mama, msimwite mvivu wala mwenye kudeka. Hayo ni maradhi yajulikanayo, nayo hutibika.

Mzee wetu fundi alipelekwa hospitali na mkewe pamoja na sisi. Daktari alimwandikia dawa, kisha akamwuliza maswali ambayo sisi hatukuyafikiria: unalala saa ngapi, unatoka nje mara ngapi, nani hukaa nawe? Kwa miezi kadhaa vijana watatu wa msikiti walipokezana kumpitia Alfajiri na kutembea naye mpaka ufukweni. Siku za mwanzo hakusema neno. Siku moja alituuliza bei ya uzi, tukajua kuwa anarejea. Leo cherahani yake inalia tena, na bado zipo siku nzito, lakini anajua wa kumwita.

Basi kila mmoja wetu, akitoka hapa, aitazame safu yake. Nani alikuwepo mwezi uliopita na leo hayupo? Ampitie kabla ya Magharibi, wala asimpelekee mawaidha. Akae, asikilize.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, wanaojulikana na waliojificha, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoitika wanapoitwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.