Ubunifu wa Chini kwa Chini Kazini

Ubunifu wa chini kwa chini, yaani utafiti ambao mwajiriwa huuendeleza ndani ya kampuni bila idhini ya wakubwa wake, na pengine kinyume cha amri yao, una mfano ulio wazi katika kisa cha Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia nchini Japani. Nakamura alikuwa akitafuta diodi ya mwanga wa buluu, kipande kidogo kinachogeuza umeme kuwa mwanga bila waya unaopashwa moto kama katika balbu za zamani, na ingawa mwasisi wa kampuni ndiye aliyeigharimia kazi hiyo mwanzoni, uongozi uliofuata ulimwagiza aiache, naye akaendelea. Mwaka 1993 Nichia ilitangaza diodi yenye mwanga mkali, na kutokana nayo zikapatikana taa nyeupe zinazokula umeme kidogo, zikiwemo zile za sola zinazowaka leo vijijini Afrika Mashariki.

Malipo ya Nakamura kwa hataza ya kazi hiyo, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, yalikuwa yeni 20,000, kiasi ambacho ni vigumu kukiita shukrani. Mwaka 2004 mahakama ya Tokyo iliamuru Nichia imlipe yeni bilioni 20, lakini baada ya rufaa yeye na kampuni walipatana kwa takriban yeni milioni 840. Nobel ya fizikia, aliyoipata pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, ilikuja mwaka 2014. Mwaka uliofuata Japani ilirekebisha sheria yake ili kampuni iweze kumiliki uvumbuzi wa mwajiriwa tangu mwanzo.