Kuishi Begani mwa Jiji

Haya ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wananchi wa Kata ya Msimbu. Yanachapishwa kwa ombi la waliohudhuria, na kwa ajili ya wale waliokuwa shambani au kazini siku hiyo.



Nimeombwa nizungumze juu ya maisha katika mji mdogo. Nilipoipokea mada nilijiuliza kwanza iwapo Msimbu ni mji. Kwa mujibu wa sheria, hapana: tuna vijiji, tuna halmashauri za vijiji, na ardhi yetu husimamiwa kama ardhi ya kijiji. Lakini mtu akisimama barabarani alfajiri, akatazama bodaboda zinavyowakimbiza watu Kisarawe mjini kuwahi magari ya Gongo la Mboto, hawezi kudai kwamba hiki ni kijiji kile alichokijua babu yake. Wengi wetu tunalala kijijini, tunatafuta riziki jijini, na mambo ya ofisi tunayafuata katika mji mdogo ulio katikati ya hayo mawili. Sisi tunaishi begani mwa jiji. Hali hiyo ina raha yake na ina gharama yake, nami sitaki kuficha hata moja.

Niliishi Dar es Salaam miaka sita, kwanza nikisoma, kisha nikifanya kazi. Nilipanga chumba katika nyumba yenye wapangaji tisa. Mmoja wao aliugua siku nne, na sisi tuliopakana naye tulijua siku ya tano. Huku kwetu, mlango usipofunguliwa hadi saa mbili asubuhi, jirani ataubisha. Najua pia kwamba jirani huyo huyo atajua umenunua nini, umegombana na nani, na mtoto wako amepata alama gani. Vijana hulalamikia jambo hilo, nami nawaelewa. Nilipokuwa kijana nililikimbia. Ila sijaona mahali ambapo mtu hupata lile la kwanza bila kulipia kwa hili la pili.

Wala tusijione kama watu wa pembeni. Katika miaka ya 1920 chuo cha walimu cha Wamisionari wa Kianglikana kilihamishwa kutoka Kiungani, Unguja, kikaletwa Minaki, hapa Kisarawe. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu, mlango wa pili, alipoacha ualimu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Kwa muda mrefu watu walitoka mjini kuja vilimani kutafuta elimu.

Lakini kukaa jirani na mkubwa si sawa na kula naye. Chukueni mfano wa maji. Mitambo ya Ruvu Juu iko Mlandizi, Wilaya ya Kibaha, katika mkoa wetu huu wa Pwani. Maji yake yalikwenda Dar es Salaam miaka na miaka, huku mji wa Kisarawe, ulio juu ya vilima, ukinunua maji kwa ndoo. Mradi wa kuyapandisha maji kutoka Kibamba hadi Kisarawe ulizinduliwa na Rais John Magufuli mwezi Juni 2020. Wapo ambao bomba halijafika mlangoni pao hadi leo, na wana haki ya kuendelea kuuliza. Ninalotaka mlione ni kwamba ukaribu peke yake haukutuletea maji. Yalikuja baada ya watu kuyadai kwa muda mrefu, katika vikao na nje ya vikao.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hasa, nalo ni ardhi.

Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikaukuta na watu 5,383,728. Ongezeko hilo ni kubwa. Lakini tazameni Pwani: kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947 katika miaka hiyo hiyo kumi. Mkoa wetu umekaribia kuongezeka maradufu. Jiji limejaa, na sasa linamwagikia huku. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ikiwa na vituo Pugu na Soga, madalali wamepata neno jipya la kupamba bei. Hukuta shamba la mikorosho, wakapima kwa hatua za miguu, wakaliita viwanja.

Baba yangu mdogo aliuza ekari tatu kwa namna hiyo, mbali na kata hii. Fedha zililipwa kwa mkupuo mmoja, akanunua pikipiki mbili na kuezeka nyumba. Mama mdogo alipata habari alipokwenda kuchimba mihogo akakuta vijana wakichimbia mawe ya mipaka. Pikipiki ziliisha ndani ya miaka mitatu. Leo mama huyo hununua sokoni, kwa fungu, mihogo ile ile aliyokuwa akiiuza. Karatasi ya mauziano, ndugu zangu, niliiandika mimi. Niliitwa kwa sababu nilikuwa msomi wa familia na nina mwandiko mzuri. Sikuuliza kama shangazi zangu na mama mdogo wamekubali, wala kama Halmashauri ya Kijiji ina habari. Niliandika, nikapewa soda.

Ningeijua Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ningeweka kalamu chini. Sheria hiyo inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya awali ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mwenye hakimiliki ya kimila anayetaka kuihamishia kwa mtu mwingine anapaswa kulipeleka jambo hilo mbele ya Halmashauri ya Kijiji. Na Halmashauri haipaswi kuridhia uhamisho unaokusudia au utakaosababisha mwanamke kupoteza haki yake ya kuitumia ardhi hiyo. Ukitokea mgogoro, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha kabla watu hawajaanza kulipa nauli za kwenda mahakamani. Karatasi iliyoandikwa chini ya mwembe, mashahidi wakiwa dalali na rafiki yake, haichukui nafasi ya hayo yote.

Sisemi mtu asiuze. Anayesomesha watoto au kuuguza mgonjwa ana sababu zake, na si kazi ya Afisa Habari kumhukumu. Nasema auze mchana kweupe, mkewe akijua, kijiji kikijua, na bei ikiwa ya anayejua alichonacho. Wageni wanaonunua nao wanafaidika: wengi wao ni watu wema waliokusanya akiba, kisha wakauziwa eneo lililokwisha kuuzwa mara mbili.

Hapa ndipo maisha yetu ya begani yanapotudhuru. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio wenye kauli, na unatakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Lakini ukiitishwa Jumanne saa nne asubuhi, nusu ya wajumbe wako Kariakoo. Wanaobaki huamua, au akidi haitimii na hakuna kinachoamuliwa, na dalali hupita katikati. Nami nina sehemu yangu katika kosa hilo: nimewahi kubandika tangazo la mkutano ubaoni Jumatatu, kwa watu wanaoondoka gizani na kurudi gizani. Nawaomba wenyeviti muifikirie Jumapili alasiri. Na ninyi mnaoshinda jijini, nauli ya kurudi mapema siku nne kwa mwaka ni ndogo kuliko ekari moja.

Juu ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi na magunia ya mkaa yanayopita usiku sitasema mengi leo. Afisa Misitu atakuja na mada yake, naye ana ukali ambao mimi sina.

Nimekuja na nakala za fomu ya maombi ya hakimiliki ya kimila. Ziko mezani kwa Mtendaji, hazilipiwi kitu. Tafadhali waume mchukue, na wake mchukue. Kisha tutapokea maswali, tukianza na wanaowahi gari.