Kazi yetu ionekane pia

Tunajua wengi mumefunga butiki mapema ili mufike hapa, na kufunga mapema ni kupoteza makuta. Basi hatutazunguka.

Toeni simu. Andikeni ku Google neno moja: Beni. Mumeona? Kuko Beni ya Bolivia, kuko Beni Mellal ya Moroko. Ongezeni "Kongo". Hapo tunaanza kujikuta, lakini tunajikuta namna gani? Mauaji, tangu Oktoba 2014. Ebola, iliyotangazwa tarehe 1/8/2018 na kuisha tarehe 25/6/2020, yenye kuua watu 2287. Andikeni Butembo, ni karibu vilevile. Habari hizo si uongo. Wafu ni wa kwetu, na hatutaki mutu azifute. Ila yule dada anayepika saboni, yule kijana anayechoma kahawa na kuifunga mu mifuko, hawako mle. Mutu wa Kampala akiuliza wapi atapata kakao ya Beni iliyokaushwa vizuri, anajibiwa vita.

Juu ya nini? Mashine haina chuki na sisi. Google inatuma programu zake zipite mu kurasa zilizo wazi, zisome, ziweke akiba. Na sisi biashara tunaifanyia wapi? Ku status ya WhatsApp, inayokufa kisha saa 24. Mu kundi lenye mulango kufungwa. Hakuna programu ya Google inayoingia humo. Tena tangazo lenyewe ni foto: jina, bei, namba ya simu, vyote viko ndani ya foto yenye rangi saba na maua. Mutu anasoma. Mashine inasoma vibaya, ao haisomi. Foto ni nzuri, lakini andika maneno pembeni yake kama maneno.

Halafu kumekuja akili bandia. Tangu ChatGPT itoke, mwisho wa Novemba 2022, kuko watu hawatafute tena, wanauliza tu kama vile wanauliza jirani. Jirani huyo anajibu kwa yale alisoma zamani, na mara ingine anakwenda kuangalia ku intaneti palepale. Asipokuta kitu juu yako, anakuruka. Ao, na hii ni mbaya zaidi, anatunga: anakupatia avenii ambayo haiko na namba ya simu ya mutu mwingine. Kwa hiyo muulizeni mara kwa mara juu ya biashara yenu wenyewe. Akidanganya, mara nyingi ni kwa sababu hakuna mahali pa wazi paliposema ukweli.

Kuko na haraka hapa. Tangu Goma ianguke Januari 2025, uongozi wa jimbo ulihamia Beni. Kumefika watu wasioujua muji: wanatafuta chumba, fotokopi, chakula cha saa sita, mutu wa kutengeneza kompyuta. Mutu mugeni hana shangazi wa kumuelekeza. Anashika simu. Kama hauko mu simu, anakwenda kwa wenye wako, na hao ni wale wakubwa wa siku zote.

Tuanze na Google yenyewe. Inatoa profili ya biashara, na ni bule. Mutu akikuomba dola 50 ili akuweke wa kwanza, mukatalie. Google inauza matangazo, na inayaandika kuwa ni tangazo. Ile nafasi ingine hakuna mutu wa barabarani anayeiuza. Ili ihakikishe kama uko kweli, mara nyingi inaomba video moja bila kukata: barabara, kibao chenye jina, kisha wewe mwenyewe ukifungua mulango kwa ufunguo. Basi pakeni kibao kwanza. Ubao na rangi vinatosha.

Jina liwe moja. Tuseme mu karatasi za RCCM umeandika "Etablissement Neema", ku kibao "Chez Neema", ku Facebook "Maman Neema Shop". Mashine inaona wanawake watatu, na hakuna hata mumoja inayemuamini. Namba ya simu pia, ileile kila mahali, na +243 mbele. Saa za kufungua ziwe za kweli.

Na tuseme wazi jambo moja la Butembo, mutusamehe. Kila kibao cha pili ni "Multi-services". Nani anaandika "multi-services" ku Google wakati kioo cha simu yake kimevunjika? Anaandika "kutengeneza simu Butembo". Andika kazi kwa maneno ya muteja: Kifaransa, Swahili, na Kiingereza kidogo kama bidhaa zako zinapita Kasindi.

Nyumba zetu nyingi hazina namba. Basi andika kama unamuelekeza motari: nyuma ya kanisa gani, mbele ya shule gani, kisha komini: Kimemi, Bulengera, Mususa ao Vulamba; kwa Beni, Bungulu, Beu, Mulekera ao Ruwenzori. Kisha Nord-Kivu, RDC, ili usitumwe Bolivia. Na kuko OpenStreetMap. Wakati wa Ebola watu wa kujitolea, wa hapa na wa mbali, walichora humo barabara na nyumba za kwetu ili timu za afya zipate njia. Ramani ile kila mutu anaweza kuiongezea. Programu kama Organic Maps inaionyesha hata simu ikiwa bila mega. Tulichorwa juu ya ugonjwa. Sasa tuchore duka la dawa, saluni na kinu.

Maoni ya wateja musiyanunue. Omba muteja wa kweli aandike alinunua nini.

Sasa woga, kwa sababu tunaujua. Kama unafanyia kazi nyumbani, usiweke alama juu ya nyumba unamolala. Google inakubali ufiche adresi na uonyeshe tu eneo unalohudumia. Usipige foto ya stoki yote, wala ya feza. Wengine wanaogopa kuonekana juu ya wenye kodi, kwamba watafika wao mbele ya muteja. Woga huo si wa bule. Tunaomba kila huduma ibandike viwango vyake ukutani, na nyinyi musilipe bila risiti.

Na intaneti yenyewe si zawadi. Tarehe 31/12/2018 ilikatwa inchi nzima, karibu siku 20, wakati Beni na Butembo tulikuwa tumekwisha kuondolewa mu kura ya rais. RAM, ile kodi ya simu, iliondolewa 2022 kwa sababu watu walipiga kelele. Butiki yako ikiwa ku simu, mambo haya yanakuwa ya butiki yako.

Haya. Wenye simu zenye chaji wakae mbele, wawili wawili. Mumoja aandike kazi ya mwenzake kwa sentensi mbili, bila neno "multi-services". Kisha mutuletee tusome kwa sauti.