"Waingereza" na "Wafaransa" wa Mengo: Somo kwa Jumuiya Yetu

 

Mimi si mwanahistoria, ni muuguzi. Lakini mtakumbuka msiba wetu wa mwisho hapa Uingereza. Wakatoliki na Waprotestanti tuligombania nani aongoze ibada, na mchango ukasimama. Mwenzetu alikaa mochwari wiki tatu, mama yake akipiga simu kila jioni kutoka nyumbani. Ndipo nikakumbuka habari ya Buganda.

Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Mapadri Wakatoliki kutoka Ufaransa wakafuata 1879. Ugomvi wao ulikuwa wa kwao Ulaya, ambako Henry VIII alijitenga na Roma tangu 1534. Walibishana mbele ya Kabaka, na wanafunzi wao wakaurithi ubishi huo.

Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana wa madhehebu yote mawili walichomwa moto pamoja Namugongo. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu walimpindua Mwanga, kisha Waislamu wakawafukuza Wakristo. Wakristo walipoungana na kumrudisha Mwanga, wakaanza kugombania vyeo. Uchifu uligawanywa kwa dhehebu, ukazuka mzozo: chifu akihamia dhehebu lingine, apoteze cheo chake? Watu wakaviita vyama hivyo "Waingereza" na "Wafaransa", na wote walikuwa Waganda!

Desemba 1890 akaja Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza. Tarehe 24 Januari 1892 vita ikalipuka Mengo. Lugard aliwagawia Waprotestanti bunduki, akafyatua na Maxim yake. Wakatoliki wakashindwa, kanisa lao la Rubaga likachomwa, Kabaka akakimbia. Baadaye Wakatoliki wakatengewa Buddu. Kampuni ilitaka kuondoka kwa kukosa fedha, lakini marafiki wa misheni huko Uingereza walichanga ili ibaki. Mwaka 1894 Uingereza ikatangaza himaya yake. Mwanga alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903.

Sisemi dini peke yake ilileta ukoloni. Waingereza na Wajerumani walishagawana maeneo mwaka 1890. Nasema tu kwamba mgeni alipofika alikuta ndugu wawili wanamwita, kila mmoja amsaidie kumpiga mwenzake.

Sasa turudi kwetu. Kazini nimeona maiti isiyo na wa kuichukua. Halmashauri ya mji ndiyo inayoizika, kwa utaratibu wake. Sisi tukishindwa kuelewana, huko ndiko tunakoelekea.

Napendekeza mambo mawili. Msiba ukitokea, mchango uanze siku hiyo hiyo bila kutaja dhehebu. Na ibada iamuliwe na familia ya marehemu, si na kamati.

Nawasilisha.