Fahali Alikimbia, Kijana Akarudi



Hapa Malinya pambano la mafahali tunalijua sote. Isukuti zinalia tangu alfajiri, na fahali anayekimbia ndiye ameshindwa. Ngoma hiyo, mwaka 2014 UNESCO iliiandika kati ya mila zinazohitaji kulindwa haraka. Ni vizuri. Lakini je, nyumba zetu?

Mimi na kijana wangu wa kwanza tulikosana kwa sababu ya shamba. Miaka mitatu hatukusalimiana, na milango yetu inatazamana. Halafu nikaumwa mgongo, pambano liko karibu, na hakuna wa kumkatia fahali nyasi. Nikaita ng'ambo ya ua: "Baba, ng'ombe ana njaa." Akaja na panga. Kesho yake akaja tena, bila kuitwa.

Siku ya pambano fahali wetu alikimbia. Watu walicheka sana! Tulirudi naye polepole, kamba mkononi mwa kijana. Njiani ndipo nikasema, "Mambo ya shamba, nilikosa mimi."

Wazazi wenzangu, msingoje ushindi. Mwiteni kijana kwa kazi, na neno la msamaha msilisahau njiani.