Usiku, Mlima na Sikio Linalodanganya



Vijana wenzangu, na nyinyi wazazi wetu mliokubali kubaki baada ya tarawehe, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze juu ya ajali za ndege ndogo, hasa za kujifunza kuruka usiku. Si jambo la mbali hili. Hapa Meru na Embu wapo vijana wanaotamani urubani, na wapo wazazi walio tayari kuuza shamba ili mtoto akasomee Wilson, Nairobi. Basi tuambiane ukweli.

Tuanze na mlima wetu. Tarehe 19 Julai 2003, jioni, ndege ndogo ya kukodi ilitoka Wilson ikielekea Samburu. Ndani walikuwamo Wamarekani 12 wa familia moja na marubani 2 wa Afrika Kusini. Ikagonga Lenana, kilele cha tatu cha Mlima Kenya, mita 4,985. Wote 14 wakafa. Ile haikuwa ndege iliyoharibika ikaanguka. Ilikuwa ikiruka tu, mpaka ikakutana na jiwe. Na jua lilikuwa bado halijatua! Sasa hebu fikiria usiku.

Sisi tuko kwenye ikweta, jioni yetu ni fupi. Ukifuturu tende zako, ukaswali magharibi, ukitoka msikitini nje ni giza. Rubani mwanafunzi naye ni hivyo hivyo. Sasa hivi anauona mlima, punde si punde hauoni, na mlima haujahama.

Lakini adui mkubwa hata si mlima. Ni sikio lake mwenyewe. Ndani ya sikio mna vijifereji vyenye majimaji, ndivyo vinavyokwambia unageuka au umetulia. Chukua sufuria ya maji uizungushe. Mwanzo maji hubaki nyuma, kisha huzunguka pamoja na sufuria, na ukiisimamisha ghafla, maji yanaendelea kuzunguka. Ndege ikikata kona polepole gizani, baada ya muda mfupi majimaji ya sikio yanatulia, na rubani anahisi yuko sawa kabisa kumbe ameinamia upande mmoja. Akiinyoosha ndege, sikio linamwambia, "Aa, sasa ndio umepinda!" Akilisikiliza, anairudisha palepale, na ndege inateremka ikizunguka. Mchana macho yangemsahihisha, manake angeiona ardhi. Usiku, penye msitu usio na taa hata moja, macho hayana la kusema.

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilijaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa kutegemea saa za ndege peke yake. Waliwekwa katika hali kama ya mawinguni. Wote 20 walipoteza mwelekeo, kwa wastani wa sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia, wallahi. Ndivyo alivyokufa John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa rais, tarehe 16 Julai 1999, usiku, juu ya bahari, pamoja na mkewe na shemejiye. Pesa haikumfaa kitu hapo.

Kwa hiyo mafunzo ya usiku ni kumfundisha mtu asiyaamini maungo yake, aziamini saa zilizo mbele yake. Ni kazi ngumu, inataka mwalimu aliyekaa pembeni na subira. Na mwalimu naye si ngao. Tarehe 5 Machi 2024, tena mchana, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na Dash 8 ya Safarilink juu ya Mbuga ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake walifariki. Ile kubwa, yenye watu 44, ilirudi Wilson salama.

Najua wapo watakaosema ni kadari, yameisha. Ni kadari, hakuna Muislamu anayekataa. Lakini kisa cha ngamia na kamba si tulikisoma sote madrasa? Mzazi unayelipa karo, una haki ya kuuliza mwanao ataruka usiku na nani, na ndege hiyo inakaguliwa lini. Usione haya.

La mwisho ni la mwezi huu. Kijana uliyefunga, jioni mwili wako una kiu na uchovu, na ukiwa hivyo hutayasoma yale masaa kwa wepesi wa siku nyingine. Mwambie mwalimu wako kwamba umefunga, kabla injini haijawashwa. Akikwambia leo huruki, usinune, teremka ukafuturu na wenzako. Habari ya msafiri na saumu yake muulizeni ustadhi, yuko hapa mbele. Mimi si mtu wa kutoa fatwa.

Wassalaam Alaykum.